Mshono wa ndani hauonekani: namna ya kujiuguza nyumbani baada ya kujifungua kwa upasuaji

Mimi ni fundi cherehani, nakaa Makorora, Tanga. Nimejifungua kwa upasuaji mara mbili, 2016 na 2021. Mara ya kwanza mshono ulifumuka nikiwa nyumbani, siku ya tisa, nikauguza kidonda wiki tano. Mara ya pili kidonda kilifunga vizuri, na wiki ya sita nikakaa tena mbele ya mashine yangu. Kilichobadilika ni kwamba mara ya pili nyumba iliandaliwa mapema, na mimi nilikuwa nimeshaelewa ninauguza nini. Wajawazito wengi huja kwangu kushonesha madera yenye zipu kifuani kwa ajili ya kunyonyesha, na nikiwapima huwa nawaeleza haya ninayoyaandika hapa.

Elewa kwanza kilichokatwa. Wengi tunadhani ni kitambaa kimoja kimepasuliwa kikashonwa. Sivyo. Daktari amepita ngozi, akapita mafuta, akapita utando mgumu ulioshikilia misuli ya tumbo, akaitenganisha misuli yenyewe, akapita utando mwembamba unaofunika matumbo, ndipo akafika kwenye mfuko wa uzazi na kuupasua. Akirudi nje anashona, na sehemu kubwa ya kushona huko wewe hutaiona kamwe. Fikiria koti lenye bitana. Mteja huona upindo wa nje umenyooka akaridhika, kumbe kinacholibeba koti ni mishono ya ndani. Ngozi hushikana ndani ya siku chache. Ule utando mgumu unahitaji wiki nyingi. Ndiyo sababu unaambiwa wiki sita usibebe kitu kizito kuliko mtoto wako.

Tuseme mtoto ana kilo tatu na nusu. Ndoo ya lita 20 ikijaa ni kilo 20 za maji, bado hujahesabu ndoo. Mtungi mdogo wa gesi ukijumlisha na chuma chake unapita kilo 10. Mtoto wako mkubwa wa miaka miwili naye anapita kilo 10, na huyu ndiye mgumu kuliko vyote, maana analia na kunyoosha mikono. Kaa kitako umwite apande mwenyewe akae ubavuni pako. Usiinamie kumnyanyua.

Nilivyokosea mara ya kwanza

Siku ya sita plasta ilikuwa imeshatolewa. Nilijitazama kwenye kioo nikaona mstari mwembamba, umekauka, nikasema mimi nimepona. Wakati huo maji ya bomba mtaani kwetu yalikuwa yanatoka kwa zamu. Siku ya nane yakatoka alfajiri, mume yuko kazini, mama mkwe bado amelala. Nikajaza ndoo mbili, nikazibeba moja moja hadi jikoni. Sikusikia maumivu makali, nilihisi tu kama kitu kimevutika. Na zaidi ya hapo, tangu nirudi nyumbani nilikuwa nakandwa tumbo kwa maji ya moto asubuhi na jioni, kama wanawake wa kwetu walivyokandwa miaka yote.

Usiku wa siku ya tisa niliamka khanga imelowa. Nilidhani ni maziwa. Nikawasha taa nikaona maji yenye wekundu hafifu yanatoka kwenye kona ya kushoto ya mshono. Kumekucha, tukaenda hospitali. Muuguzi alipobonyeza pembeni, nyuma ya maji ukatoka usaha. Aliniambia unyevu wa kila siku na uzito niliobeba vyote vimechangia. Kidonda kikafunguliwa sehemu ile, kikawa kinasafishwa na kuwekwa gozi kila siku, kwa sababu kidonda cha namna hiyo lazima kijae kutoka chini kuja juu. Kikifunga juu kabla ya chini, uchafu unabaki ndani. Nililia sana siku hizo, na maumivu hayakuwa sababu pekee. Mtoto alikuwa na siku tisa tu, na mimi nashindwa kumshika.

Kwa hiyo, chukua hili kabla ya mengine yote: maji maji yakitoka kwenye mshono, hata kama hayana harufu, hata kama huna homa, usisubiri kesho kutwa.

Nyumba iandaliwe kabla hujarudi

Kama upasuaji umepangwa, fanya mwenyewe ukiwa na nguvu. Kama ulikuwa wa dharura, zile siku mbili tatu za wodini mtume mume au ndugu aifanye kazi hiyo.

Anza na kitanda. Godoro la chini ni mateso, kwa kuwa kuinuka kutoka sakafuni kunatumia misuli ya tumbo yote. Kitanda kizuri ni kile ambacho ukikaa ukingoni nyayo zinagusa chini bila kunyoosha vidole. Chandarua kifungwe kwa namna ambayo utakifikia bila kujinyoosha. Weka meza au stuli upande utakaoshukia, juu yake maji ya kunywa, dawa, simu, nepi na khanga safi.

Kisha choo, jambo ambalo watu wanaona haya kulizungumza. Choo chetu ni cha kuchuchumaa, na wiki ya kwanza kuchuchumaa na kuinuka ni kazi kweli kweli. Mume wangu alichukua kiti cha plastiki kigumu, akamwomba fundi akitoboe katikati na kuzisugua kingo zisikwaruze, tukakiweka juu ya tundu. Kinasuguliwa kwa sabuni kila siku. Kitu rahisi hivyo, lakini hakuna kilichonisaidia kukizidi.

Maji yachotwe na mtu mwingine, yawekwe kwenye vidumu vya lita tano au kwenye ndoo yenye kata, uchote kidogo kidogo. Na mtu mwingine ajulikane kwa jina: nani anachota, nani anapika, nani anafua. “Tutasaidiana” haitoshi. Mwaka 2021 wifi yangu alihamia kwetu wiki tatu, na mume alijua kabisa kwamba kabla hajatoka kwenda kazini vyombo vyote viwe vimejaa maji. Kwa walioajiriwa, sheria ya kazi ya mwaka 2004 inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi, siku 100 akipata zaidi ya mtoto mmoja, na baba siku 3. Siku tatu za baba zitumike kwa mambo haya.

Safari ya kurudi nyumbani iwe kwa bajaji au gari. Bodaboda hapana. Mwambie dereva mapema kwamba amebeba mzazi wa upasuaji, apite matuta taratibu. Kunja khanga au shika mto mdogo, uukumbatie tumboni njia nzima. Mto huo huo utautumia ukikohoa, ukipiga chafya na ukicheka, unaukandamiza kidogo juu ya mshono ili tumbo lisitikisike.

Kuinuka na kutembea

Usiinuke kwa kukaa moja kwa moja kutoka chali. Kunja magoti kwanza. Geuka ubavu mzima, mabega na nyonga vikienda pamoja. Shusha miguu nje ya kitanda, na wakati huo huo jisukume kwa kiwiko cha mkono wa chini na kiganja cha mkono wa juu, hadi ukae. Kaa kidogo kizunguzungu kipite, ndipo usimame, na usimame wima. Utatamani kutembea umejikunja kama unaulinda mshono. Mgongo utakuja kukulipiza, na mshono haupasuki kwa kusimama wima.

Halafu tembea. Hapa nabishana na wazee wengi wanaosema mzazi wa upasuaji alale tu. Kulala siku nzima kunafanya damu ituame miguuni, na damu ikituama inaweza kuganda. Bonge la damu likisafiri hadi kwenye mapafu linaua. Kutembea pia kunaamsha matumbo, ile gesi inayojaa na kuchoma hadi begani ipate kutoka. Mimi nilitumia adhana kama saa yangu. Nilikuwa kwenye nifasi, ile damu ya baada ya kuzaa, siswali, lakini kila nikisikia muadhini nilitoka chumbani, nikazunguka ukumbi, nikafika kibarazani na kurudi. Mara tano kwa siku. Wiki ya pili nikawa nafika hadi kwenye mwarobaini ulio kona ya mtaa. Ukiwa umelala, chezesha vifundo vya miguu, juu na chini.

Dawa

Usingoje maumivu yakushinde ndipo umeze. Siku za mwanzo fuata saa. Kama umeandikiwa kila baada ya saa nane, iwe saa 12 asubuhi, saa 8 mchana na saa 4 usiku. Paracetamol ya miligramu 500 kwa mtu mzima isizidi vidonge 8 kwa siku nzima, na kumbuka kuwa Panadol ni paracetamol hiyo hiyo, usichanganye ukadhani ni dawa mbili. Diclofenac na ibuprofen zimezwe baada ya kula, na kama una vidonda vya tumbo, presha au tatizo la figo mwambie daktari kabla hajakuandikia. Aspirini ya maumivu usiinunue ukiwa unanyonyesha.

Antibiotiki ulizoandikiwa zimalize hata ukijisikia mzima. Ambazo hukuandikiwa usizinunue. Na tafadhali, usifungue kapsuli ukanyunyiza unga wake kwenye mshono. Nimeona wanawake watatu wakifanya hivyo. Unga ule unagandamana na uchafu juu ya kidonda na hautibu kitu.

Vidonge vya kuongeza damu vitafanya choo kiwe cheusi, usiogope. Usivimeze pamoja na chai, kwa sababu chai inazuia mwili kuyafyonza yale madini ya chuma yaliyomo. Pia vinafunga choo, na kujikamua chooni ni adui wa mshono. Basi maji kwa wingi, papai, mchicha, kisamvu, uji usio mzito sana. Mtori na supu ni vizuri, ila supu peke yake mchana na usiku haikupi kilainishacho choo.

Kidonda chenyewe

Plasta ya hospitali usiibandue mwenyewe kabla ya muda uliopewa. Uliza kabla ya kutoka: itolewe lini, nyuzi ni za kuyeyuka au za kutolewa, nirudi siku gani. Ikishatolewa na ukaruhusiwa kuoga, acha maji safi na sabuni ya kawaida yapite juu ya mshono. Usisugue. Kausha kwa kugusagusa kwa kitambaa safi ambacho hakifuti kitu kingine.

Sisi wenye tumbo linaloning'inia tuna kazi zaidi, maana mshono unakaa ndani ya mkunjo, na mkunjo unatoa jasho. Na Tanga ina joto. Mchana nilikuwa nalala chali, nauinua mkunjo kwa mkono, mshono unapata hewa kama dakika kumi na tano, mara tatu kwa siku. Usiku naweka kipande cha khanga kuukuu ya pamba, iliyofuliwa, ikaanikwa juani na kupigwa pasi pande zote mbili. Chupi iwe ya pamba, mkanda wake upite juu kabisa ya mshono, karibu na kitovu.

Kila asubuhi mume wangu alipiga picha ya mshono kwa simu, dirisha lile lile, mwanga ule ule. Jicho husahau, picha haisahau. Wekundu ukipanuka kati ya Jumatatu na Jumatano utauona. Na muuguzi ukimwonyesha picha anaelewa haraka kuliko maelezo.

Majivu, dawa ya meno, mafuta ya taa, mafuta ya nazi: hakuna hata kimoja kinachofaa kuwekwa hapo.

Kukandwa

Najua hili ndilo linalowaletea wengi shida, kwa sababu anayekukanda ni mtu unayemheshimu na anakupenda. Mama mkwe wangu amewakanda wazazi zaidi ya ninavyoweza kuhesabu, na wengi walijifungua kawaida wakainuka vizuri. Lakini tumbo lililopasuliwa ni jambo jingine. Kuna kidonda cha ngozi kisichotakiwa kuloweshwa kwa taulo lenye mvuke, kuna mshono wa mfuko wa uzazi usiotakiwa kubonyezwa. Tena ngozi ya juu ya mshono huwa na ganzi kwa miezi kadhaa, kwa hiyo unaweza kuunguzwa na maji ya moto usijue.

Mwaka 2021 nilizungumza naye kabla sijajifungua. Nilimwamkia, nikakaa mkekani karibu yake, nikasema, “Mama, safari hii naomba unikande, ila tumbo tuliache hadi kliniki waseme. Nenda nami Jumanne ukamsikie nesi mwenyewe.” Akajibu, “Mwanangu, sisi sote tumekandwa.” Sikubishana. Jumanne tukaenda. Muuguzi, mama mtu mzima, alimwamkia kwa adabu, akamweleza yale ya tabaka za mshono, akamwachia nafasi aulize. Tukarudi kimya. Jioni akaniambia, “Basi nitakukanda mgongo na mabega.” Na alifanya hivyo siku arobaini zote, taulo la uvuguvugu mgongoni, mabegani na viunoni, na kusema kweli ndiko kulikokuwa kunauma kwa kumwinamia mtoto. Ukipata mama anayesikiliza namna hiyo, mshukuru kila siku. Miguu tu ndiyo nilimwomba asiiminye, kwa sababu ya ile hatari ya bonge la damu.

Mkaja nao una maneno yake. Khanga iliyofungwa kiasi cha kuliegemeza tumbo unapotembea haina neno kama muuguzi ameridhia. Ile ya kukazwa na watu wawili mpaka pumzi inakata, hapana.

Kumnyonyesha

Wiki ya kwanza nyonyesha ukiwa umelala ubavu, mtoto akikutazama, mto mgongoni pako. Ukikaa, mpitishe chini ya kwapa, miguu yake ikielekea nyuma yako, asikupige mateke kwenye mshono. Maziwa yanaweza kuchelewa kidogo kushuka baada ya upasuaji. Mweke mtoto ziwani mara kwa mara, mchana na usiku, yatakuja.

Dalili za kukimbilia hospitali

Nenda siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku, ukiona lolote kati ya haya: joto la mwili kufika 38 au baridi ya kutetemeka, mshono kuwa mwekundu unaopanuka, wa moto, umevimba, unanuka, unatoa usaha au maji, au umeachia, damu ya uzazi inayojaza pedi ndani ya saa moja, au mabonge makubwa, au uchafu wenye harufu mbaya, mguu mmoja kuvimba na kuuma kwenye shavu la mguu, kifua kuuma au pumzi kukatika, na hapo usingoje hata dakika, tumbo kuvimba na kutapika bila kutoa choo wala hewa, mkojo kuunguza au kutotoka. Kichwa kikiuma sana ukiwa umekaa na kutulia ukilala, huenda ni ile sindano ya ganzi ya mgongoni, waambie. Kichwa kikiuma na kuona marue rue, au degedege, inaweza kuwa presha ya uzazi, ambayo huweza kuja hata baada ya mtoto kutoka.

Mwoneshe mtu mwingine nyumbani orodha hii. Mwenye homa kali hawezi kujihukumu.

Na moyo

Kulia lia siku za mwanzo kunatokea kwa wengi. Kukipita wiki mbili, au ukahisi hutaki kumwona mtoto, au ukawaza kujidhuru, hiyo ni sonona na inatibika. Sema kliniki kama unavyosema homa. Kuna watu watakuja kukutazama na kukuambia hukuzaa, ulipasuliwa. Mimi niliambiwa, na mgeni, nikiwa kitandani na kidonda wazi. Nilimbeba mtoto huyu miezi tisa na nikalazwa mezani nipasuliwe ili awe hai. Wewe pia. Mwenye maneno hayo mpe mtu wa mlangoni kazi ya kumwambia mzazi amelala.

Kurudi kazini

Sisi tuliojiajiri hatuna siku 84 za mtu. Mara ya pili niliacha kupokea nguo mwezi mmoja kabla na nikawaambia wateja wazi tarehe ya kurudi. Wiki ya nne nilianza kazi za mkono: vifungo, pindo, kukaa nusu saa na kuinuka. Cherehani ya miguu nikaigusa wiki ya sita baada ya kukaguliwa, kwa sababu kukanyaga pedali kunavuta tumbo la chini. Nguo nzito, mapazia na mablanketi, nilizikataa hadi mwezi wa tatu. Mshono ukikuvuta, simama. Kuwasha na ganzi ni kawaida kwa miezi. Maumivu yanayoongezeka badala ya kupungua si kawaida.

Kliniki ya wiki sita usiikose. Hapo ndipo utakaguliwa kidonda, na ndipo utauliza kuhusu tendo la ndoa na uzazi wa mpango. Shirika la Afya Duniani linashauri ipite angalau miezi 24 kabla ya kubeba mimba nyingine, na kwetu tulioshonwa mfuko wa uzazi kovu linauhitaji muda huo. Mimba ijayo, hudhurio la kwanza kabisa sema una kovu, na panga kujifungulia hospitali yenye chumba cha upasuaji, hata kama safari hii utazaa kwa njia ya kawaida.

Watakuuliza ulipasuliwa lini, kwa sababu gani, na mfuko ulikatwa vipi. Majibu yako kwenye karatasi ya kuruhusiwa. Iweke pamoja na kadi ya mtoto, mahali pakavu. Zangu zote mbili ziko kwenye kopo la vifungo, juu ya kabati, na wifi yangu anajua zilipo.